Mfalme wa Uingereza anakula cha nani?

Msomaji mmoja wa Mombasa ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Kaka yangu ni muuguzi Birmingham, na shemeji yangu yuko London. Kila wakipigiana simu wanabishana. Kaka anasema kodi anayokatwa kwenye mshahara ndiyo inayomlisha mfalme. Shemeji anasema si kweli, mfalme anaishi kwa ardhi yake mwenyewe, tena sehemu kubwa ya pato la ardhi hiyo anaiachia serikali. Nani ana haki? Na haya mambo yalianzaje, maana wafalme wa zamani si walikuwa wakichukua tu?"

Marahaba, mwanangu. Nimelifundisha somo hili miaka mingi na bado linanisisimua, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kaka yako ndiye aliye karibu na ukweli. Fedha anazopewa Mfalme Charles kwa shughuli za ufalme zinatoka hazina kuu ya serikali, mfuko uleule unaopokea kodi ya kaka yako na kulipia hospitali za umma. Shemeji naye hakuzua. Habari ya ardhi ipo, na kiasi anacholipwa mfalme hupimwa kwa kuangalia faida ya ardhi hiyo. Lakini kulipwa kwa kipimo cha kitu fulani na kulipwa kutoka kitu hicho ni mambo mawili. Kasoro kubwa zaidi iko kwenye maneno "ardhi yake mwenyewe", na huwezi kuiona mpaka ujue yaliyotokea mwaka 1760. Mwaka huo nao huuelewi bila kurudi nyuma zaidi.

Zamani Waingereza walitaka mfalme aishi kwa chake. Alikuwa na mashamba na misitu. Alikuwa na haki juu ya wenye ardhi: mmoja wao akifa na kuacha mrithi mdogo, mfalme alishika mali ile mpaka mtoto akue, na faida ikaingia kwake. Alikuwa pia na ushuru wa bandarini. Kwa pato hilo alilisha nyumba yake, na kwa pato hilohilo aliwalipa majaji, mabalozi na makarani wa nchi. Hapakuwa na mpaka kati ya jiko la mfalme na ofisi ya serikali. Lishike hilo vizuri, kwa sababu fumbo lote la shemeji yako limelala hapo.

Bunge liliitwa mambo yalipozidi kimo, hasa vita. Tatizo ni kwamba yalizidi kila mara. Henry wa Nane alinyakua mali za nyumba za watawa kati ya 1536 na 1540, akawa tajiri kuliko mfalme yeyote aliyemtangulia, kisha sehemu kubwa akaiuza kugharimia vita. Binti yake Elizabeth naye akauza. Kila shamba lililouzwa lilikuwa pato ambalo wafalme wa baadaye hawangelipata tena, na bei za vitu zilikuwa zikipanda.

Ndipo akaja Charles wa Kwanza mwaka 1625. Kwa zaidi ya miaka 100 kabla yake, kila mfalme mpya alipewa na Bunge ushuru wa mvinyo na bidhaa za bandarini kwa maisha yake yote. Yeye wabunge walitaka kumpa wa mwaka mmoja tu, ili arudi kwao kuomba tena. Akakasirika, akaendelea kuukusanya bila ruhusa. Kuanzia 1629 alitawala miaka 11 bila Bunge kabisa, akitafuta fedha kwa kila mlango. Mwaka 1634 alifufua tozo ya merikebu, iliyokuwa ya miji ya pwani wakati wa hatari, na mwaka uliofuata akaipeleka mpaka mikoa ya bara isiyojua hata harufu ya bahari. Mwenye ardhi mmoja, John Hampden, alikataa kulipa, kesi ikasikilizwa na majaji 12. Saba walimpa mfalme ushindi, watano wakampinga. Kwa mfalme aliyewateua majaji mwenyewe, kura tano za kumpinga zilikuwa aibu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka 1642, na Januari 1649 Charles alikatwa kichwa. Sisemi fedha pekee ndiyo iliyomuua, dini ilikuwa na sehemu kubwa. Ila ugomvi wa nani anashika ufunguo wa hazina ulikuwamo tangu mwanzo hadi mwisho.

Ufalme uliporudishwa mwaka 1660, Charles wa Pili alikadiriwa pauni milioni 1.2 kwa mwaka. Hapo kuna jambo linaloniuma kila nikilisimulia. Wenye ardhi waliokuwa bungeni walimwomba mfalme afute zile haki zake za kushika mali za yatima, naye akakubali kwa sharti la kufidiwa. Wakamfidia kwa ushuru wa bia na vinywaji vingine. Kwa maneno mengine, mzigo uliokuwa juu ya matajiri ukahamia kwenye kikombe cha mlalahoi. Watu wanapozungumzia mapatano kati ya mfalme na wananchi, inafaa kuuliza ni wananchi gani waliokaa mezani.

Mdogo wake, James wa Pili, alipewa mwaka 1685 mapato manono kiasi kwamba aliweza kutawala bila kuwabembeleza wabunge. Walijuta. Baada ya kumfukuza 1688 na kumleta William wa Tatu, walikuwa wamejifunza. Mwaka 1698 walimtengea William pauni 700,000 kwa mwaka, na ushuru ukizidi kiwango hicho, ziada isiguswe bila idhini ya Bunge. Jeshi na wanamaji walitengwa kabisa, fedha zao zikawa za kuombwa bungeni mwaka hadi mwaka. Kilichobaki, yaani nyumba ya mfalme pamoja na utawala wa kiraia, kikaitwa kwa jina lililodumu zaidi ya miaka 300: fungu la kiraia.

Watu huliona fungu hili kama ukarimu wa taifa kwa familia moja. Mimi naliona kama kamba. Mfalme anayelipwa kiasi kilichopangwa na wengine hawezi kuanzisha vita vyake, hawezi kufunga mlango wa Bunge, hawezi kununua jeshi. Thamani ya malipo haya kwa mwananchi iko kwenye ile kamba, na kamba inashikwa vizuri pale tu watu wanapokaa, wakahesabu na wakabishana hadharani.

Sasa tumefika 1760. George wa Tatu, kijana wa miaka 22, alipokea kiti na kukubali kuiachia hazina ya taifa mapato ya kurithi, ikiwemo mashamba ya Taji, yaani ya kiti cha ufalme, kwa kubadilishana na pauni 800,000 kila mwaka. Hapa ndipo watu wa upande wa shemeji yako wanaposema: tazameni, mfalme ametoa mali yake! Lakini mali ile ilikuwa na kazi. Ilikuwepo ili kuendesha nchi. Kadiri miaka ilivyokwenda, gharama za majaji, mabalozi na makarani zikahamishiwa serikalini. Mtu akikabidhi shamba pamoja na deni la kukilea kijiji kizima, na gharama ya kijiji ikaja kuwa kubwa mara elfu kuliko mavuno ya shamba, huwezi kusema ametoa zawadi. Anayetaka arudishiwe shamba arudishiwe na kijiji chake akilishe.

Na hata zile 800,000 hazikumtosha. Mwaka 1769 serikali ilikwenda bungeni kuomba deni la mfalme lilipwe, zaidi ya pauni 513,000. Mwaka 1777 ikarudi tena na deni lingine la zaidi ya pauni 618,000, na safari hii fungu likapandishwa hadi 900,000. Dawa ya deni ni kulipa, ila hapa mlipaji hakuwa mkopaji. Wabunge wa upinzani walidai hesabu: fedha zimekwenda wapi? Walishuku, na walikuwa na sababu, kwamba sehemu yake ilikuwa ikirudi bungeni kwa mlango wa nyuma, kwa njia ya vyeo na posho kwa wabunge waliopiga kura alivyotaka mfalme. Tarehe 6 Aprili 1780 Bunge lilipitisha, kwa kura 233 dhidi ya 215, azimio kwamba nguvu ya mfalme imekua, inakua, na inapaswa kupunguzwa. Miaka miwili baadaye mbunge Edmund Burke alifanikisha sheria iliyofuta makumi ya vyeo vya bure na kuligawa fungu katika mafungu madogo yanayokaguliwa. Ukiniuliza siku gani mfalme wa Uingereza alianza kuwa mfalme wa leo, sitakutajia vita vyovyote. Nitakutajia daftari hilo la 1782.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utulivu. William wa Nne, mwaka 1830, aliondolewa karibu mizigo yote ya serikali, akabaki na pauni 510,000. Victoria mwaka 1837 alipangiwa 385,000, na kati ya hizo 60,000 zikawa za mkoba wake binafsi. Baada ya kufiwa na mumewe Desemba 1861 alijifungia, shughuli za hadhara akaziacha, na watu wakaanza kuuliza wanalipia nini. Mwaka 1871 mbunge Charles Dilke alikwenda Newcastle kuhutubia juu ya gharama hizo, na kwa muda fulani jamhuri ilionekana kuwa jambo linalowezekana.

Hapa niende kando kidogo, kwa sababu wewe ni mtu wa pwani na jambo hili lilifika kwetu. Enzi za Seyyid Said, ushuru wa forodha wa Zanzibar ulikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, kwa miaka mingi nyumba ya Jairam Shivji, nao wakamlipa Sultani kiasi cha mwaka kilichokubaliwa. Pato la nchi na mfuko wa Sultani vilikuwa kitu kimoja. Seyyid Barghash alipoleta maji ya bomba mjini, na alipojenga Beit al Ajaib mwaka 1883, alitumia fedha ambazo hakuna aliyeweza kusema hizi zako, hizi zetu. Kisha Waingereza wakatangaza himaya yao 1890, na mwaka 1891 balozi wao, Gerald Portal, akavitenganisha: Sultani Ali bin Said akapangiwa kiasi maalumu kwa mwaka, na hazina iliyobaki ikawekwa chini ya Lloyd Mathews, aliyefanywa waziri wa kwanza.

Buganda nako yalikwenda hivyohivyo. Mkataba wa 1900, ulioandikwa na Mwingereza Harry Johnston, ulimpangia Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, pauni 1,500 kwa mwaka, wakati huo Kabaka Daudi Chwa akiwa mtoto wa chini ya miaka minne. Mkataba uleule ulimtoza mkulima rupia 3 kwa kila nyumba.

Kwenye karatasi ni yaleyale ya 1698. Mtawala anapangiwa, hazina inatoka mikononi mwake. Lakini London kamba ilishikwa na Bunge la Waingereza, hata kama lilikuwa Bunge la matajiri. Zanzibar na Buganda kamba ilishikwa na mgeni. Sultani kuanza kulipwa mshahara hakukuwapa watu wa Unguja kauli juu ya fedha zao, na mkulima wa Buganda hakuulizwa. Mwaka 1953 gavana alipomwondoa Kabaka Mutesa wa Pili na kumpeleka Uingereza, ilionekana wazi anayelipa ni nani na anayelipwa ni nani. Waganda wa leo wamejifunza. Katiba ya Uganda ya 1995 iliruhusu viongozi wa jadi, ila ikasema mtu asilazimishwe kuchangia gharama za kuwatunza. Makaburi ya wafalme ya Kasubi yalipoungua Machi 2010, watu walichanga kwa hiari yao, na wengi walitoa hata wasichonacho.

Turudi London. Elizabeth wa Pili alianza 1952 na pauni 475,000, kiwango kilichokusudiwa kudumu utawala wake wote. Mfumuko wa bei ulikila. Novemba 1969 mumewe, Prince Philip, alisema kwenye televisheni ya Marekani kwamba mwaka unaofuata wangeingia kwenye hasara, na kwamba huenda akalazimika kuacha mchezo wa polo. Waingereza wengi waliokuwa wakihesabu senti hawakumwonea huruma. Kamati ya Bunge ilikaa, na mwaka 1972 fungu likapanda hadi 980,000. Sheria ya 1975 iliruhusu liongezwe mwaka hadi mwaka, na kila ongezeko likaleta kelele bungeni na magazetini.

Ili kukwepa kelele hizo, mwaka 1990 serikali ya Margaret Thatcher ililifunga fungu kwenye pauni milioni 7.9 kwa miaka 10. Walikadiria bei zingepanda kwa kasi, hazikupanda hivyo, na kufikia mwaka 2000 kulikuwa na akiba ya takriban pauni milioni 35. Kiwango kikaachwa palepale kwa miaka mingine 10. Ukitazama hesabu, unaweza kusema ulikuwa uamuzi mzuri. Mimi naona kitu kilipotea: mjadala wa kila mwaka.

Kwamba mjadala huo ulikuwa na nguvu ilionekana 1992. Kasri la Windsor liliungua Novemba 20, serikali ikatangaza upesi kwamba umma utalipia ukarabati, na umma ukasema hapana kwa sauti iliyosikika. Ndani ya wiki moja ilitangazwa kwamba Malkia ataanza kulipa kodi ya mapato, na alianza Aprili 1993. (Victoria aliilipa tangu 1842, lakini baadaye wafalme waliruhusiwa kuiacha kidogo kidogo.) Agosti mwaka huohuo Buckingham Palace ilifunguliwa kwa watalii wanaolipa kiingilio, na fedha hizo zikasaidia kuijenga upya Windsor kwa pauni milioni 36.5.

Fungu la kiraia lilikufa Machi 2012. Mahali pake kuna ruzuku ya mfalme, inayounganisha mishahara ya watumishi, safari na matengenezo ya makasri, na kupigiwa hesabu hivi: tazama faida ya mali za Taji ya miaka miwili nyuma, uchukue asilimia 15 yake. Mali za Taji ni maduka na ofisi za Regent Street, mashamba, na sehemu kubwa ya sakafu ya bahari hadi maili 12 kutoka ufukweni. Faida yote inaingia hazina kuu. Mfalme halipwi kutoka humo, faida ni rula tu. Mwaka 2017 kiwango kilipandishwa hadi asilimia 25, ili kubadilisha nyaya, mabomba na mitambo chakavu ya Buckingham Palace, kazi ya miaka 10 iliyokadiriwa pauni milioni 369.

Kisha upepo ukavuma. Kampuni za umeme wa upepo zilianza kulipa mamilioni ili zihifadhiwe sehemu za sakafu ya bahari, na faida ya mali za Taji ikaruka kutoka pauni milioni 442.6 mwaka 2022/23 hadi bilioni 1.1 mwaka uliofuata. Mfalme mwenyewe aliomba nyongeza hiyo itumike kwa manufaa ya umma, na kiwango kikashushwa hadi asilimia 12. Hata hivyo ruzuku ilitoka pauni milioni 31 mwaka 2012/13, ikafika milioni 86.3, na kwa mwaka 2025/26 ikawa milioni 132.1. Kasri limeeleza kwamba nyongeza hii ni ya kumalizia ukarabati, nami naamini mabomba yale yanahitaji kubadilishwa. Linalonisumbua ni kwamba sheria hairuhusu ruzuku kushuka chini ya ile ya mwaka uliotangulia, na kwamba mashine za upepo za Bahari ya Kaskazini hazina uhusiano wowote na bei ya kupaka rangi kasri. Mkaguzi mkuu wa hesabu anakagua, ripoti inatoka kila mwaka, hilo ni jema. Lakini kiasi chenyewe kinazaliwa na rula, si na mbunge aliyesimama kuuliza. Watu walipigania miaka 150 kupata haki ya kuuliza swali hilo, nami nasikitika kuona linavyoulizwa kwa nadra siku hizi.

Kaka yako asisahau kwamba ulinzi haumo kwenye ruzuku. Polisi wanaolinda familia hiyo wanalipwa kwingine, na jumla yake haitangazwi. Kutawazwa kwa Mei 2023 nako kulikuwa mbali: serikali ilitoa hesabu ya pauni milioni 72. Na shemeji naye ana karata moja ambayo huenda haijui. Mfalme anapata zaidi ya pauni milioni 20 kwa mwaka kutoka milki ya Lancaster, yaani ardhi na majengo yasiyo sehemu ya mali za Taji, na mrithi wake, Prince William, ana milki ya Cornwall iliyoanzishwa 1337. Mapato hayo hayapiti hazina ya serikali. Kama ni mali binafsi au mali ya umma iliyosahauliwa mikononi mwao, wanasheria wanabishana mpaka leo, na mimi niko upande wa wanaosema ni ya umma.

Wakitaka kujua ipi hasa ni "ardhi yake mwenyewe", waangalie Desemba 1936, Edward wa Nane alipojiuzulu ili aoe. Mali za Taji zilihamia kwa mdogo wake George wa Sita palepale, bila senti kutoka mfukoni mwa mtu, kwa sababu hazikuwa za Edward bali za kiti. Nyumba za Balmoral na Sandringham, zilizonunuliwa na familia enzi za Victoria, zilibaki kuwa zake hata baada ya kuvua taji. Ilibidi mfalme mpya azinunue kutoka kwa kaka yake.